Daftari Chini ya Kilima

Agosti 12, saa 11:20 jioni

"Mzee, huo ni wali wangu," Urabe alisema.

Tatsuo Kuramochi alichukua kipande cha tofu, jibini ya soya, akakikandamiza ndani ya bakuli la wali mpaka ukabaki upande mmoja tu nje.

"Nyumba ni hii. Kutoka barabarani unaona paa na ukuta mmoja wa kioo. Utasema ni kibanda cha kuuzia maua. Nyumba yenyewe imelala ndani ya kilima. Ghorofa mbili, zote chini."

"Watu wenye hela wanaishi kama fuko."

"Fuko hana kiyoyozi." Tatsuo akachukua kijiti cha kulia, akakichomeka wima nyuma ya tofu. "Hapa kuna shimo la mwanga. Mita sita kwenda chini, wazi juu, ili vyumba vya ndani vipate jua. Chini kabisa kuna mlango wa kioo."

"Toa!" Urabe aliruka. "Toa hicho kijiti! Wali wa kuchomekwa kijiti ni wa maiti. Kesho tunaingia kazini, wewe unanitengenezea sahani ya msiba?"

Tatsuo akakichomoa. Likabaki tundu. Hakuna aliyecheka.

Walikuwa watatu, nyuma ya karakana ya mikeka iliyofungwa kwa sikukuu. Chumba kilinuka majani makavu na jasho. Urabe alikuwa fundi wa vitasa, miaka thelathini na minane, mdomo haufungi. Inukai ndiye aliyeuleta mchongo. Shati lake limepigwa pasi, maneno yake machache, macho yake mlangoni. Tatsuo alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu ambaye hajawahi kuiba hata yai. Kazi yake ilikuwa kupaka lami ya kuzuia maji kwenye kuta za chini ya ardhi. Kuta za nyumba ile alizipaka yeye.

"Kesho ni siku ya kwanza ya Bon," Inukai alisema. "Wafu wanarudi majumbani, walio hai wanakwenda makaburini kuwapokea. Saa saba na nusu mchana familia nzima ya mwenyekiti Tokunaga inatoka. Mtumishi wao yuko likizo. Mtaa utakuwa mweupe."

"Saa umeijuaje?" Tatsuo aliuliza.

"Nimeijua."

"Na namba ya geti?"

"Mzee. Wewe tuambie ya chini. Ya juu niachie mimi."

Tatsuo akaeleza. Swichi kubwa ya umeme iko nje, pembeni ya geti. Ikikatwa, kamera zinakufa, na mashine za kusukuma hewa zinakufa. Kitu kimoja hakifi: king'ora cha moshi. Kina betri yake, kinaongea moja kwa moja na kampuni ya ulinzi. Kikilia, mlango wa chuma unashuka kwenye ngazi za ndani, na walinzi wanafika kwa dakika sita.

"Kwa hiyo chini hakuna sigara," akamalizia, akimtazama Urabe.

"Nimesikia, baba mkwe," Urabe alitania.

"Sefu iko chumba cha mwisho," alisema Inukai. "Dhahabu, vipande. Urabe unafungua, mimi navuta kwa kamba kutoka juu. Mzee anachukua kitu chake."

"Kitu gani?" Urabe aligeuka. "Kumbe kuna kitu? Mzee, kuna nini? Picha za uchi za mwenyekiti?"

"Daftari," alisema Tatsuo.

"La nini?"

"La pampu."

Urabe alimtazama, akamtazama Inukai, akaangua kicheko. Kisha akaichukua ile tofu kutoka kwenye wali na kuitia mdomoni, nyumba nzima na vyumba vyake.

Agosti 13, saa 7:25 mchana

Gari lilikuwa la Tatsuo mwenyewe, lile la kazi, lenye madoa ya lami. Nani angelishuku? Nyumba za mlima huu wote zinavuja, na gari la fundi lami si kitu kigeni. Waliegesha chini ya mianzi, nyuma ya nyumba. Nyenje walipiga kelele kama bati linalokatwa.

"Haya, niambie," alisema Urabe. "Nife nikijua. Daftari la pampu lina nini?"

Tatsuo alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Mke wangu alifua nguo kwenye nyumba ya wazee. Moja ya zile saba za kampuni ya Tokunaga, ile ya kando ya mto. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi. Kila asubuhi alitakiwa kukagua pampu za maji na kuandika. Septemba iliyopita mto ulipanda. Wafuaji wanne walikuwa chini. Simu ikapigwa kutoka ofisini: nguo za wazee zisilowe, pandisheni kwanza nguo."

Urabe akamgeukia.

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

Tume iliundwa. Tume huundwa daima. Ilikaa miezi minne, ikanywa chai ya serikali, ikaandika kurasa mia tatu. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja kuhusu Fumie Kuramochi: mkaguzi wa pampu hakutoa taarifa yoyote ya hitilafu. Daftari lake, walisema, lilipotelea majini. Kwa hiyo kosa likawa na jina, na jina likawa la marehemu ambaye hawezi kujibu. Familia za wale wanawake watatu wengine ziliacha kumsalimu Tatsuo. Kwenye ibada iliyofuata ya kumwombea mkewe, walikuja yeye na mtawa wa hekalu tu.

"Fumie aliandika kila siku," Tatsuo alisema. "Pampu ya pili imekufa, pampu ya pili imekufa. Wiki tatu. Na kila ukurasa ulipelekwa juu, ukarudi na muhuri mwekundu wa Tokunaga. Alisoma. Alipiga muhuri. Akakaa kimya."

"Na daftari halikupotea."

"Mwezi wa sita niliitwa kuziba ufa kwenye ile nyumba yake. Hakunijua. Fundi ni fundi tu. Mlango wa kabati la mababu, lile la kuombea wafu, ulikuwa wazi, nikaliona, jalada la bluu, mwandiko wa mke wangu juu yake. Mtumishi alikuwa amenisimamia kichwani kama askari magereza, nisingeweza hata kunyoosha mkono."

"Kwa nini hakulichoma, mjinga yule?"

Tatsuo alifikiri. Swali hilo alikuwa nalo tangu mwezi wa sita.

"Ungekichoma wewe kitu cha mkono wa marehemu? Nyuma ya nyumba, na kiberiti, kama takataka?"

Urabe alijikuna shingo. "Hapana. Ningepeleka hekaluni."

"Akipeleka hekaluni, mtawa atasoma."

Kutoka kiti cha nyuma Inukai alisema, "Wanatoka."

Gari jeusi liliteremka mlima taratibu. Ndani yake mlikuwa na maua na kichwa kimoja cha mvi.

Saa 7:52

Geti lilifunguka kwa jaribio la kwanza. Tatsuo aliona jinsi Inukai alivyobonyeza namba, bila karatasi, bila kusita, kama mtu anayeingia kwake. Jambo hilo lilimgusa kidogo mahali fulani, akalipuuza.

Urabe akakata umeme. Mngurumo wa mashine za hewa ulikatika, na kilima chote kikawa kama kimeshika pumzi.

Waliteremsha ngazi ya bati ndani ya shimo la mwanga. Inukai akabaki juu na kamba. Tatsuo na Urabe wakashuka. Kadiri walivyokwenda chini jua lilipungua, mpaka likawa kipande cha mraba juu yao na kijani cha kuvu ukutani. Urabe alipiga magoti kwenye mlango wa kioo.

"Kitasa cha Kijerumani," alinong'ona. "Mrembo. Usiniangalie, naona haya."

Dakika tatu. Mlango ukateleza.

Ndani palikuwa na joto zito. Zege tupu, laini kama ngozi, bila picha hata moja. Hewa haikwenda popote. Tatsuo alipitisha kiganja ukutani alipokuwa akitembea. Kavu. Kazi yake. Tokunaga alikuwa amelala kiangazi chote chini ya mita sita za udongo, na hakuna tone lililomgusa.

Kule mtoni wafuaji walisubiri pampu moja.

Saa 8:04

Chumba cha mwisho. Urabe alikwenda moja kwa moja kwenye sefu, akalaza zana zake juu ya taulo. Tatsuo alikwenda kwenye kabati la mababu. Muda ni nusu saa, alikuwa amesema Inukai. Wewe huhitaji hata nusu dakika.

Alifungua milango miwili myeusi. Mwanga wa tochi yake ukaangukia rangi ya dhahabu ya kuta za ndani.

Daftari lilikuwepo, mbele, juu ya kitambaa cheupe. Alinyoosha mkono. Kisha akaona vingine.

Kulikuwa na kibao kipya cha mti mweupe, cha kuwakumbuka wafu. Majina manne. La tatu lilikuwa Fumie Kuramochi. Kulikuwa na vikombe vinne vya chai, bado vuguvugu. Pichi nne. Na mbele ya vyote, tango lililosimamishwa kwa miguu minne ya vijiti, farasi wa kuwaleta wafu mbio, na bilinganya, ng'ombe wa kuwarudisha polepole.

Tatsuo alisimama.

Hii ilikuwa Bon ya kwanza ya Fumie. Nyumbani kwake kabati lilikuwa limefungwa. Asubuhi ile alikuwa amekagua kamba, glovu, mafuta ya gari. Hakununua tango. Hakumwekea hata kikombe cha maji. Aliyemwita mke wake arudi alikuwa Tokunaga, na kama wafu huja wanakoitwa, basi Fumie alikuwa humu, chini ya ardhi tena, mgeni kwa mtu aliyemzamisha.

"Umepata?" Urabe alinong'ona bila kugeuka.

"Nimepata."

Alilichukua daftari. Likafunguka lenyewe mahali palipozoea kufunguliwa.

*Tarehe 9. Pampu ya pili inanguruma, haivuti. Nimetoa taarifa.* Muhuri mwekundu.

*Tarehe 10. Bado. Nimetoa taarifa tena.* Muhuri.

*Tarehe 11. Bado. Maji kwenye sakafu, upana wa kidole. Naomba fundi aje leo.* Muhuri. Pembeni, kwa maandishi madogo ya penseli, ambayo hayakuwa ya kazi: *kununua figili, T. anapenda ya kusaga.*

T. alikuwa yeye.

Hakupanga alichofanya baadaye. Ukimuuliza hata leo atakuambia hakupanga. Mtu hachukui kitu mbele ya wafu na kugeuka tu kama anachukua kopo dukani. Tangu utotoni mikono yake ilikuwa inajua hivyo, na mikono ilifanya. Alivua glovu. Alitoa vijiti vya udi kwenye kasha, vinne, akaona havitoshi kwa mtu aliyesubiri mwaka mzima, akachukua konzi nzima. Akawasha. Akavipunga moto uzime, ukabaki moshi. Akavisimika kwenye majivu, akakutanisha viganja, akafumba macho.

"Fumie," alisema. "Samahani nimechelewa. Twende nyumbani."

Nyuma yake sefu ililegea kwa mlio mdogo.

"Njoo kwa baba," alisema Urabe kwa furaha. Kisha akanusa. "Mzee. Nini hiyo?"

Tatsuo alifumbua macho. Hewa haikuwa ikienda popote. Moshi ulikuwa umepanda wima, kama uzi, ukakusanyika chini ya dari fupi, na katikati ya dari palikuwa na kitu cheupe cha duara chenye taa ndogo ya kijani.

Taa ikawa nyekundu.

Saa 8:11

Mlio ulikuwa mkali kiasi cha kuumiza meno. Kule ndani mlango wa chuma uliteremka kwenye ngazi kwa kishindo.

"Udi!" Urabe alipiga kelele huku akijaza begi. "Mimi nimenyimwa sigara, wewe unawasha udi! Mwizi gani anawasha udi? Umeona wapi?"

"Nenda. Nenda!"

Walikimbia hadi kwenye shimo la mwanga. Kichwa cha Inukai kilikuwa juu, cheusi ndani ya mraba wa mbingu. Kamba ilikuwa tayari imeshuka.

"Mabegi kwanza!"

Begi la kwanza likapanda. La pili. Urabe aliweka mguu kwenye ngazi.

"Subiri! Daftari!" Inukai aliita. "Mzee, litie kwenye kamba. Ngazi inateleza, unahitaji mikono miwili."

Tatsuo alikuwa amelikumbatia kifuani. "Nitapanda nalo."

"Utaanguka nalo! Dakika nne zimebaki. Unataka lifike au hutaki?"

Alitaka lifike. Hicho ndicho kitu pekee alichotaka duniani. Alilifunga kwa kitambaa chake cha jasho, akalifunga kwenye kamba mafundo mawili, akatazama jalada la bluu likipanda, likigonga ukuta, likizunguka, mpaka mkono ukalipokea.

Inukai alifungua kitambaa. Akalifungua daftari. Mtu anayekimbia hafungui daftari. Alitafuta ukurasa, akatazama mihuri, akaridhika.

Kisha ngazi ikaanza kupanda.

"Kaka!" Urabe alikuwa ameshafika vipago vitano. "Kaka Inukai, mimi nipo juu yake!"

"Shuka."

"Kaka, ni mimi!"

Inukai aliisukuma ngazi kando kwa mguu. Urabe alianguka chali kwenye kokoto, na mguu wake ukatoa mlio ambao Tatsuo aliusikia hata katikati ya king'ora.

"Umetuuza!" Tatsuo alipaza sauti. "Inukai! Chukua dhahabu yote! Nirudishie daftari!"

Kichwa kilikawia pale juu, sekunde moja, mbili. Huenda ilikuwa haya. Hata mtu wa aina ile anayo kidogo.

"Dhahabu ni ujira tu, mzee. Kazi ilikuwa daftari. Mtoto wa Tokunaga amechoka kuliona pale kabatini. Anaogopa baba yake akikaribia kufa atalitoa, na akilichukua mwenyewe baba atajua."

"Nitakuomba kwa magoti. Tazama. Nimepiga magoti."

Kweli alikuwa amepiga, kwenye kokoto, mbele ya ukuta alioupaka kwa mikono yake. Lakini mraba wa mbingu ulikuwa mtupu. Gari lake mwenyewe liliwashwa kule kwenye mianzi, likateremka mlima.

Urabe alikuwa analia huku ameuma meno. Mfupa ulikuwa umetoka. Tatsuo alivua shati, akalifunga juu ya goti, akakaza.

"Mzee."

"Usiongee."

"Ulimwashia nani?"

"Mke wangu. Wamemwandika humu."

Urabe alifumba macho. Jasho lilimtiririka masikioni. "Basi," alisema. "Basi, haina neno."

Saa 9:15 alasiri

Urabe alibebwa na gari la wagonjwa. Tatsuo alitolewa shimoni akiwa na pingu, na kamba ya polisi kiunoni kama mbuzi wa mnada, akasimamishwa katika chumba kile cha mwisho ili aonyeshe alichogusa. Familia ilikuwa imerudi. Mzee Tokunaga, miaka themanini na mmoja, suti nyeusi, alikuwa ameketi kwenye kiti. Mtoto wake, Norihide, alisimama nyuma yake.

Mpelelezi alikuwa na kalamu tayari. "Mwenyekiti, pole kwa kukusumbua siku kama hii. Nini kimepotea?"

"Daftari," alisema Tatsuo. "La bluu. Lilikuwa hapo. Huyo mtoto wake amemtuma Inukai alichukue."

"Sikukuuliza wewe."

"Linasema mke wangu alitoa taarifa. Siku ishirini na moja alitoa taarifa. Muulize yeye. Ana muhuri wake kila ukurasa!"

Mpelelezi alisita. Akamgeukia mzee. "Mwenyekiti?"

Tokunaga alikuwa anaitazama ile nafasi tupu kwenye kitambaa cheupe. Inaonekana hakuwa ameijua mpaka wakati ule. Mkono wake ulipanda kuelekea kabati, ukabaki hewani, wenye madoa ya uzee. Norihide akaushika, akaurudisha pajani kwa upole.

"Baba amechoka," alisema.

"Swali moja tu, bwana."

"Baba. Jibu, upumzike."

Mzee aliitazama sefu iliyo wazi.

"Dhahabu," alisema. "Dhahabu tu."

"Na daftari?"

"Hapajawahi kuwa na daftari."

Kalamu ikaandika. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili.

"Kama halikuwepo," Tatsuo alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa sasa, "mbona umemwandika kwenye kibao? Mbona umemwekea chai? Umemwita arudi kwako, kwa nini? Mtaje. Mbele ya huyu afande, mara moja tu. Sema Fumie Kuramochi alitoa taarifa."

"Baba huwaombea wafanyakazi wake wote," Norihide alimwambia mpelelezi. "Ni desturi yake."

Mzee Tokunaga akainuka. Aliweka viganja mapajani, akainama mbele ya Tatsuo. Hakuinama kwa salamu, bali kama mtu anayeomba radhi. Aliinama mpaka mgongo ukalala kama meza, mpaka kichwa kikafika usawa wa pingu, akabaki hivyo. Norihide naye akainama nyuma yake, kidogo, kwa adabu. Mpelelezi alishusha macho, alionekana kuguswa. Mwenyekiti mzima, kumwinamia mwizi.

Tatsuo alisubiri. Alisubiri ainuke, awe na uso, awe na mdomo. Hesabu ya kumi ikapita. Ya ishirini. Mzee hakuinuka.

"Twende," alisema askari wa kamba.

Mlangoni Tatsuo aligeuka. Tokunaga bado alikuwa ameinama. Hakukuwa na mtu wa kumtazama pale, ila kisogo tu, cheupe, kimenyolewa upya kwa ajili ya sikukuu.